Tulikwenda Kutazama Mabwawa ya Samaki

Darasa letu la Ngombezi lina wanakisomo ishirini na wawili. Wengi wao ni akina mama. Wamekwisha kujua kusoma na kuandika, na sasa wanasoma ili wapate maarifa. Darasa lina shamba lake la mahindi. Mahindi yalipouzwa, fedha zikawekwa katika mfuko wa darasa. Hapo ndipo ubishi ulipoanza.

Wengine walisema, "Tununue mbuzi." Wengine walisema, "Tuchimbe bwawa la samaki kando ya mto." Ubishi ulichukua wiki tatu. Kila mtu alikuwa na sababu zake, lakini hakuna hata mmoja aliyepata kufuga samaki. Mimi mwalimu wao sikupata pia. Nikawaambia, "Fedha hizi ni jasho lenu. Kabla ya kuzifukia ardhini, twendeni tukaone kwa macho."

Basi siku ya Alhamisi tuliondoka asubuhi. Tulikwenda kwa mama mmoja mwenye mabwawa manne, upande wa milimani. Kijito kidogo hushuka kutoka Usambara na kupita kando ya shamba lake. Tulimpigia hodi, tukamwamkia, akatukaribisha. Kabla hatujakaa alituuliza, "Mmekuja kuona samaki, au mmekuja kuona faida?" Watu wakacheka. Akasema, "Nitawaonyesha na hasara."

Habari ya zamani

Watu wengi hudhani kufuga samaki ni jambo jipya. Hapa kwetu si jipya. Mwaka 1949, wakati wa utawala wa Mwingereza, majaribio ya kufuga perege yalianza katika sehemu mbili za Tanganyika. Sehemu moja ilikuwa Malya, upande wa Mwanza. Sehemu ya pili ilikuwa hapa Korogwe. Mabwawa mengi yalichimbwa.

Mabwawa yale hayakudumu. Mengine yalipata ukame. Mengine hayakutunzwa ipasavyo, na njia za ufugaji zilizotumiwa hazikufaa. Mzee mmoja wa darasa letu alisema, "Kwa hiyo babu zetu walichimba, na sisi tunataka kuchimba tena. Ni kitu gani kitakachotufanya sisi tusishindwe?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko maswali yote niliyokuwa nimeandika daftarini. Tulitembea nalo siku nzima.

Bwawa la kwanza

Bwawa la kwanza lina urefu wa hatua ishirini na upana wa hatua kumi. Upande mmoja maji yanafika kiunoni. Upande wa pili yanafika kifuani kwa mtu mzima. Maji huingia kwa bomba upande wa kina kifupi. Upande wa kina kirefu kuna bomba jingine la kutolea maji. Mabomba yote mawili yamefungwa wavu mdomoni. Wavu wa kuingilia huzuia samaki wa kijitoni wasiingie. Wavu wa kutokea huzuia samaki wa bwawani wasitoroke.

Maji yenyewe ni ya kijani. Mama mmoja wa darasa letu aliguna. "Maji haya ni machafu," alisema. Mwenye bwawa akamjibu, "La, mwenzangu. Huu ndio uji wa samaki."

Akatueleza. Ndani ya maji kuna mimea midogo sana, isiyoonekana kwa macho mmoja mmoja. Ikiwa mingi, maji huwa ya kijani. Perege hula mimea hiyo, na hula pia wadudu wadogo wanaoishi humo. Mimea hiyo huhitaji mbolea, kama mahindi yanavyohitaji. Kwa hiyo katika pembe moja ya bwawa amejenga uzio mdogo wa fito. Ndani ya uzio huo hutia samadi ya ng'ombe na majani mabichi. Samadi huoza taratibu, na maji hupata rutuba.

Atajuaje kwamba mbolea imetosha? Alikunja mkono wa gauni, akapiga magoti, akatumbukiza mkono majini huku kiganja kimefunguka. Maji yalipofika kwenye kiwiko, kiganja kilikuwa hakionekani vizuri. "Hapo ni sawa," alisema. "Kiganja kikipotea kabla ya maji kufika kiwikoni, mbolea imezidi. Nikikiona wazi kabisa, naongeza." Akina mama wote walitaka kujaribu. Tulikaa pale muda mrefu, mikono ikilowa.

Zaidi ya hayo huwapa samaki pumba za mahindi na za mpunga, mashudu ya alizeti, na majani laini ya magimbi. Huwalisha mahali pale pale, saa zile zile, asubuhi na jioni. Samaki wakizoea, hukusanyika wenyewe. Wasipokuja kula, ajue kuna jambo.

Bwawa la pili: samaki kama vidole

Hapa mama yule alisimama, akacheka kidogo. "Hili lilinitoa machozi," alisema.

Mwaka wake wa kwanza alitia perege mia nne. Bwawa lina ukubwa wa mita za mraba mia mbili, kwa hiyo ni samaki wawili kwa kila mita moja ya mraba. Hesabu hiyo ilikuwa nzuri. Aliwalisha vizuri. Alijipa moyo kwamba akingoja zaidi, watakuwa wakubwa zaidi. Akangoja mwaka mzima na miezi miwili. Siku ya kuvua aliita ndugu na majirani. Wavu ulipovutwa ulikuwa mzito, na watu wakashangilia. Kumbe ndani mlikuwa na samaki wengi sana, na karibu wote walikuwa wa ukubwa wa kidole.

Nini kilitokea? Perege huzaa upesi. Akipata miezi michache tu, hata kabla hajawa mkubwa, huanza kuzaa. Na ana desturi moja ya ajabu. Dume huchimba kishimo chini ya bwawa. Jike hutaga mayai humo, kisha huyachukua yote na kuyaweka kinywani mwake. Hukaa nayo kinywani mpaka yaanguliwe. Hata watoto wakianza kuogelea, wakiona hatari hukimbilia kinywani kwa mama yao. Mmoja wa kina mama alisema, "Huyu anatupita sisi wa mgongoni." Kwa kuwa watoto wanalindwa hivyo, wengi wao hupona. Maji yakiwa na joto kama ya kwetu Korogwe, jike huweza kuzaa tena baada ya wiki chache.

Tulifanya hesabu kwa kijiti juu ya mchanga. Tuseme majike mia moja tu wanazaa, na kila mmoja anakuza watoto ishirini tu. Hao ni samaki elfu mbili. Sasa, bwawa ni kama sufuria ya ugali. Sufuria haikui kwa sababu wageni wameongezeka. Kama chakula cha bwawa kinaweza kutoa kilo themanini za samaki, kitatoa kilo themanini hizo hizo. Wakila samaki mia tatu na ishirini, kila mmoja atapata robo kilo. Wakila samaki elfu mbili, kila mmoja atakuwa na gramu arobaini. Huyo ni wa kukaanga na kutafuna na miiba yake. Mnunuzi hamtaki.

Yule mzee wetu akatikisa kichwa. "Nadhani hata yale ya zamani yalikufa hivi," alisema. Huenda ni kweli. Mtu akivua samaki kama vidole mara mbili, mara ya tatu hafyeki tena majani ya bwawa.

Basi afanyeje? Siku hizi mama huyu hangoji mwaka. Huvua bwawa lote baada ya miezi sita au saba, hulikausha, hulianika juani, kisha huanza upya na vifaranga vya umri mmoja. Wafugaji wengine hufuga madume matupu, maana dume hukua upesi kuliko jike. Jike hutumia nguvu zake kwa mayai, tena akiwa na watoto kinywani hali chakula. Vituo vya kuzalisha samaki huweza kutoa vifaranga vya madume kwa kuwapa chakula chenye dawa maalumu, wangali wadogo sana. Mtu wa kijijini asijaribu dawa hiyo mwenyewe. Anunue vifaranga kwa mtu anayejulikana, na amwulize afisa uvuvi wa halmashauri kwanza. Serikali ina vituo vya kuzalisha vifaranga, na kimojawapo kiko Kingolwira, Mkoa wa Morogoro.

Bwawa la tatu: alfajiri ile

Bwawa la tatu lilionekana kama yale mengine. Lakini habari yake ndiyo iliyotunyamazisha.

Ndugu yake mama huyu anafuga kuku. Siku moja alimletea magunia matatu ya mbolea ya kuku. Mbolea ya kuku ni kali kuliko samadi ya ng'ombe. Mama alifurahi, akaimwaga yote bwawani jioni ile ile. Mawingu yalikuwa yametanda tangu jana yake. Alfajiri alikwenda kutazama. Samaki wote walikuwa juu ya maji, wameinua midomo kama watu wanaoomba. Akadhani wana njaa, akawatupia pumba. Jua lilipotoka, bwawa lilikuwa jeupe kwa matumbo ya samaki waliokufa.

"Nilijua nimetiliwa sumu," alisema. "Na nilimjua aliyefanya hivyo. Nilikuwa na ugomvi wa mpaka na jirani yangu. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, nikamtaja mbele ya watu."

Afisa uvuvi alipokuja aliuliza swali moja tu: "Jana ulitia nini?"

Ndugu msomaji, sikiliza vizuri sehemu hii, maana haitaki fedha. Inataka kujua tu. Samaki hupumua kama sisi. Hewa anayoihitaji huitwa oksijeni, nayo imo ndani ya maji. Mchana jua linapowaka, ile mimea midogo ya kijani hutengeneza oksijeni, na bwawa huwa na hewa nyingi. Usiku hakuna jua. Mimea haitengenezi tena, bali yenyewe huitumia. Samaki nao huitumia. Mbolea inayooza huitumia pia, tena sana. Kwa hiyo hewa hupungua usiku kucha, na huwa chache kabisa alfajiri. Siku ya mawingu huanza na hewa kidogo tangu mwanzo. Ukiongeza magunia matatu ya mbolea ya kuku, samaki hawawezi kufika asubuhi.

Ukiwaona samaki wamepandisha midomo juu alfajiri, usiwape chakula. Fungulia maji mapya mara moja, yaanguke kutoka juu ili yachanganyike na hewa. Kama huna maji ya kufungulia, chota kwa ndoo na kuyamwaga kwa nguvu, huku na huku. Acha mbolea na chakula mpaka watulie.

Na yule jirani? Mama alikaa siku mbili bila kutoka nyumbani kwa aibu. Siku ya tatu alichukua jogoo, akaenda kumwomba radhi mbele ya wale wale waliosikia. "Samaki nilipata wengine," alisema. "Jirani ningempata wapi?" Mpaka leo jirani huyo ndiye anayemsaidia kuvuta wavu.

Bwawa la nne

Bwawa la nne lina kambale. Kambale ana kiungo cha kumwezesha kupumua hewa ya juu, kwa hiyo huvumilia maji mabaya yanayomwua perege. Lakini hula nyama, na hula wenzake. Wengine hutia kambale wachache katika bwawa la perege ili wale vile vitoto vinavyozidi. Njia hiyo hufaa, lakini perege lazima wawe wametangulia kukua. Ukiwatia kambale wakubwa pamoja na vifaranga vya perege, umewapikia kambale.

Kando ya bwawa hili tulikuta vijana wawili na ndoana zao. Mama huwaruhusu wakati mwingine, kwa malipo kidogo. Hapo nikawaeleza wanakisomo jambo nililolisoma. Huko Uingereza kuna sehemu zenye maziwa ya kuchimbwa, matano au zaidi mahali pamoja, yaliyotiwa samaki makusudi. Mtu hulipa kiingilio, hukaa kwenye kiti kutwa nzima na ndoana yake. Akimpata samaki mkubwa, humpima uzito, hupigwa naye picha, halafu humrudisha majini akiwa hai.

Mzee wetu aliniangalia kwa huruma. "Mwalimu, amelipa, amemshika, kisha anamwachia?"

"Ndiyo, mzee."

"Na nyumbani wanakula nini?"

Sikuwa na jibu, na vijana wale walianguka kwa kicheko. Lakini watu wa huko wanapata burudani, na mwenye maziwa anapata fedha kwa samaki yule yule mara nyingi. Mama mwenye mabwawa hakucheka. Nilimwona anafikiri.

Perege wa jina letu

Kuna jambo moja ambalo wengi wa darasa hawakulijua. Katika mto wetu wa Pangani, ambao wengi huuita Ruvu, yumo perege mwenye jina la Korogwe. Mtaalamu wa samaki kutoka Uingereza, Rosemary Lowe, aliandika maelezo yake mwaka 1955. Jina lake la kitaalamu leo ni Oreochromis korogwe. Nilipoliandika jina hilo mchangani, mama mmoja alilisoma neno la pili kwa sauti, herufi kwa herufi, kisha akalirudia kwa furaha. Mpaka huko ng'ambo, wataalamu wakimtaja samaki huyu, humtaja kwa jina la mji wetu.

Wafugaji wengi wa siku hizi hupenda sato, maana hukua upesi na kuwa mkubwa. Sato si samaki wa mto huu. Hata Ziwa Viktoria aliletwa, katika miaka ya 1950. Kabla ya hapo watu wa ziwani walikula ngege, ambaye sasa amekuwa haba sana huko. Sato akitoroka bwawani na kuingia mtoni, huzaana na perege wa asili. Katika Ziwa Rutamba, Mkoa wa Lindi, ambako perege wa jina la Korogwe yuko pia, watafiti wamekwisha kuona machotara wa samaki hao wawili. Machotara wakienea, perege wa asili hupotea.

Mimi siwezi kumwambia mtu aache sato, naye anasomesha watoto kwa samaki hao. Lakini wavu wa bomba la kutokea uwe mzima siku zote, na bwawa lisichimbwe mahali mafuriko yanapofika. Kwa maneno mengine, lisichimbwe kando ya mto.

Mpango wetu wa kwanza

Na sisi tulitaka kuchimba kando ya mto! Watu walitazamana. Waliokuwepo wanakumbuka mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998. Mto ukitoka nje ya kingo zake, ukuta wa bwawa hauonekani, na samaki wote huenda na maji. Isitoshe mtoni kuna mamba. Tena mtu anayetaka kuchukua maji ya mto au kijito kwa bwawa hana budi kupata kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Aanze kuulizia ofisi ya kijiji au mtaa, si baada ya kuchimba.

Mama alituonyesha pia kingo za mabwawa yake. Zimefyekwa mpaka kwenye maji. Majani yakiota majini, konokono hujificha humo, na konokono ndio wanaoeneza kichocho. Mbu nao hutaga humo. Tena amezungushia mabwawa yote uzio wa miti na miiba. Uzio huo hauzuii fisi maji wala kenge sana. Aliuweka kwa ajili ya watoto. "Mtoto haogopi maji yaliyotulia," alisema.

Tulirudi Ngombezi jioni. Siku ya darasa iliyofuata hatukupiga kura. Tulichukua majembe, tukaenda mahali pa juu kidogo, penye udongo wa mfinyanzi, mbali na mafuriko. Tulichimba shimo la kufika kiunoni, asubuhi na mapema, tukalijaza maji mpaka juu. Jioni maji yalikuwa yamepungua, kama tulivyoambiwa, maana udongo mkavu hunywa kwanza. Tukalijaza tena, tukalifunika kwa majani ya migomba. Kama asubuhi maji mengi yangekuwa bado yamo, udongo ungefaa. Kama yangekuwa yamekwisha, tungetafuta mahali pengine, au tungenunua mbuzi.

Asubuhi kumi na tisa kati ya wanakisomo ishirini na wawili walikuwa wamefika kabla yangu. Majani yalikuwa yamekwisha kuondolewa. Maji yalikuwa yamepungua vidole vitatu tu.

Mama wa mbuzi alichungulia shimoni, akasema, "Haya. Lakini pumba za mbuzi wangu zisiguswe."

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini samaki hufa alfajiri zaidi kuliko mchana?
2. Bwawa lina urefu wa mita 15 na upana wa mita 10. Ukitia samaki wawili kwa kila mita ya mraba, utatia samaki wangapi?
3. Katika kijiji chenu, bwawa lingechimbwa wapi? Nani angelinda watoto?
4. Wewe ungechagua sato au perege wa mto wetu? Eleza sababu.